Palahala Wasiokuwepo

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyooa, na haihusiani na ninachotaka kukuambia, lakini nivumilie mwanangu, mtu wa umri wangu hafiki shambani bila kupita kwa jirani. Nilikuwa na miaka kama kumi na mitatu. Baba alikwisha kufariki, masomo yangu yaliishia darasa la pili, nikapelekwa Ng'ambo, pale Tabora mjini, kwa mjomba wangu Rajabu, fundi viatu. Mjomba alikuwa mtu wa kofia safi na maneno machache. Siku hiyo akanipa kipande cha tairi la lori, akanichorea unyayo kwa chaki, akaniambia nikate jozi ya makatambuga, viatu vya tairi. Nikakata. Nilipomletea akaviweka chini viwili sambamba, akavitazama sana, kisha akamwita jirani yake muuza kahawa aje aone. Nilikuwa nimekata vyote viwili vya mguu wa kushoto.

"Rajabu," muuza kahawa akasema, "huyu kijana wako kapata mteja wa aina yake."

Wakacheka. Mjomba hakunipiga. Alinivalisha vile viatu juma zima, nikatumwa navyo sokoni, nikaenda navyo msikitini, na kila aliyeniona aliuliza. Baada ya hapo sikukosea tena. Nikawa fundi wa makatambuga hasa, ya kuvuka miiba na mawe, na mpaka leo nikiona tairi limelala barabarani naona jozi ngapi zimo ndani yake. Mke wangu Tatu alikuwa akisema mimi nikifika peponi nitaulizia kwanza kama malaika wanavaa namba ngapi.

Basi hayo makatambuga ndiyo yaliyoniingiza katika mambo ninayotaka kukusimulia.

Nilirudi kwetu nikiwa kijana wa kuoa, na nikaoa. Ulikuwa wakati ule wa kuhamia vijijini. Sisi tulitoka kwenye miji yetu iliyotawanyika, kila ukoo na mihogo yake, tukapangwa kwa mistari kandokando ya njia. Njia yenyewe ilikuwa ile ya zamani ya misafara. Babu yangu mzaa baba aliwahi kuipita na pembe begani mpaka pwani, akarudi na shuka moja na kikohozi. Sisemi kuhamia kulikuwa kubaya au kuzuri. Zahanati tulipata, na kisomo cha watu wazima tulipata, na mimi herufi zangu nyingi nilizipata hapo, chini ya mwalimu aliyekuwa mdogo kuliko mke wangu. Lakini watu wengi mahali pamoja wanataka kuni nyingi mahali pamoja, na hilo hakuna aliyelipigia hesabu.

Mwaka wa pili akaja mgeni kutoka chuo kikuu. Jina lake Elisante, na kwa kuwa siku zile kila mtu alikuwa ndugu, tukamwita Ndugu Elisante. Hiyo ilikuwa mbele yake. Nyuma yake aliitwa Ndugu Samadi, kwa sababu alikuwa akiokota mavi ya wanyama porini, anayafunga kwenye karatasi, anaandika juu yake tarehe. Akina mama walikuwa wakiulizana kisimani kama mama yake anajua alisoma miaka yote ile akaokote nini. Alikuwa mtu mwema, mrefu, ana haya, hakuwahi kukataa ugali wa mtu.

Alikuwa akimchunguza palahala. Wewe huenda hujamwona. Ni mnyama mkubwa kama ng'ombe dume, mweusi, tumbo jeupe, pembe zimepinda kurudi mgongoni kama panga mbili. Sisi tulikuwa na mapori mawili. Upande wa machweo lilikuwepo pori la Chemchemi, na upande wa mawio pori la Mlimani. Ndugu Elisante alitueleza mkutanoni bila kutuficha. Kijiji kinapanuka, tumbaku inataka mashamba, na wilaya imeamua pori moja ligawiwe kwa tumbaku na jingine lifungwe, asiingie mtu na shoka wala moto wala mzinga wa nyuki. Kazi yake yeye ni kujua palahala wanategemea pori lipi wakati wa kiangazi, ili lifungwe hilo.

Sasa pori la Chemchemi lilikuwa na mwenyewe, ingawa siku zile hatukusema pori lina mwenyewe. Baba yangu mkubwa, Mzee Maganga, kaka wa marehemu baba, alikuwa na mizinga yake humo. Mizinga ya magome ya miti, ya mtundu na muyombo, imetundikwa juu sana, mingine aliirithi kwa baba yake. Yeye ndiye aliyenilea kabla sijapelekwa mjini na ndiye aliyenilipia mahari. Hakuwa na ng'ombe wala shamba la maana. Pori lile ndilo lililokuwa ghala lake.

Ndugu Elisante alitaka watu wawili wenye miguu. Mwenyekiti wa kijiji akatazama watu miguuni, akasema, huyu hapa Jumanne ana viatu. Ndivyo nilivyochaguliwa. Mwenzangu alikuwa Doto, kijana mpole aliyetembea peku. Doto akapewa Mlimani, mimi Chemchemi. Kila mmoja daftari na penseli. Siku tatu kwa juma, alfajiri, upite njia ileile mpaka mwisho na kurudi, uandike kila mnyama uliyemwona, na wangapi. Na akasisitiza jambo moja, akalirudia mpaka tukaona anatufanya watoto: siku usipoona kitu, andika sikuona.

Mwezi wa kwanza niliandika ukweli. Niliona ngiri, niliona swala, mara mbili nikaona palahala kwa mbali. Siku nyingine nikaandika sikuona, sikuona, sikuona. Ndugu Elisante alikuja mwisho wa mwezi, akafungua daftari, akasoma zile sikuona zangu huku akitikisa kichwa, na mimi nikaona aibu. Nataka unielewe hapo, maana hapo ndipo nilipopotea. Kwetu mgeni haambiwi hakuna. Mgeni akija nyumbani hujapika, unamwambia kaa kidogo, chakula kinakuja, na mke anatokea mlango wa nyuma kwenda kukopa unga. Mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu ametoka mbali, ametuheshimu, na mimi kila mwezi nampa daftari tupu kama mtu anayenawisha mgeni mikono kisha asilete sinia.

Mwezi wa pili, siku moja niliyorudi mikono mitupu, nikaandika palahala wawili. Wawili tu, kama kumwongezea mtu mboga. Ndugu Elisante alipowasoma uso ulifunguka. Basi. Mwezi uliofuata wakawa watano, wakawa wanane, na nikaanza kuwapamba, huyu ana ndama, huyu anachechemea. Mwisho nikawa siendi kabisa. Nilikaa barazani nikishona makatambuga, jua likipanda nachukua penseli. Tatu alinitazama siku moja akipepeta mchele.

"Hao palahala siku hizi wanapita hapa barazani?" akaniuliza.

Nikamwambia anyamaze, ni mambo ya kitaalamu. Akasema sawa, ila akipita mmoja nimwambie, asije akamkanyagia kuku.

Mara moja Ndugu Elisante alitaka tuende naye. Tulitembea asubuhi nzima, hatukuona hata mkia. Nikamwambia wamepita alfajiri. Nikamwonyesha mavi makavu ya tangu masika, akapiga goti, akayafunga kwenye karatasi yake kwa furaha. Siku hizi najiuliza mtu msomi vile alikosaje kujua mavi ya zamani. Nadhani alitaka wawepo, kama mimi nilivyotaka afurahi. Mwongo mmoja peke yake hafiki mbali, mwanangu, mpaka apate mtu anayetaka kuamini.

Doto yeye aliandika alichokiona. Leo watatu, leo hakuna, leo watano, leo homa sikwenda. Yalipowekwa madaftari mawili mezani, langu lilinona.

Kiangazi kilipokaribia kwisha ukaitishwa mkutano mbele ya ofisi ya kijiji. Ndugu Elisante alikuja na ramani na ofisa wa wilaya. Ofisa akasema utafiti umeonyesha palahala wako Chemchemi kwa wingi, kwa hiyo Chemchemi itafungwa, wenye mizinga waishushe kabla ya mvua za kwanza. Mlimani itapimwa mashamba ya tumbaku. Watu wakapiga makofi, wengi walikuwa wakiisubiri tumbaku.

Mzee Maganga akasimama. Hakuwa mtu wa mikutano. Alisema yeye analala katika pori lile kuliko anavyolala nyumbani, na tangu watu wamehamia hapa na kuanza kukata kuni upande ule, palahala wamehama. Wamekwenda Mlimani, kwenye majani ya bonde la nyuma. Wakifunga hapa na kulima kule watakuwa wamefunga zizi baada ya ng'ombe kutoka, na huko ng'ombe walikokwenda wanachinjwa. Ofisa akamjibu kwa adabu kwamba maneno ni maneno lakini daftari ni daftari. Tena, akasema, limeandikwa na kijana wa humuhumu.

Baba mkubwa akageuka akanitafuta kwa macho katikati ya watu. Alijua. Nilimwona kwamba anajua, maana katika pori lile aliona nyayo zangu mwezi wa kwanza, kisha hakuziona tena, na makatambuga yangu hayafanani na ya mtu. Angeweza kusema hivyo mbele ya wote. Hakusema. Alinifungulia mlango nitoke mwenyewe.

"Mwanangu Jumanne," akasema, "hao palahala wa Chemchemi, uliwaona?"

Ofisa ananitazama, Ndugu Elisante ananitazama kwa imani. Nikafikiri nikisema sikuwaona, nitaitwa mwongo mpaka kwa wajukuu. Nikasema, "Niliwaona, baba mkubwa."

"Haya," akasema, akakaa.

Uongo wa daftarini niliuandika kwa kumhurumia mgeni. Huo wa mkutanoni niliusema kwa kujihurumia mimi, na ndio mbaya zaidi. Yeye pori linamtoka mikononi, na neno langu moja lingemrudishia.

Siku tatu baadaye akanitumia ujumbe nikamsaidie kushusha mizinga. Ungekwenda na uso gani? Lakini nilikwenda, huwezi kumkatalia aliyekutolea mahari. Hakunisema njiani. Alikwea yeye, kwa umri ule, na kamba yake kiunoni, na mimi napokea chini. Tulipofika kwenye mzinga mmoja juu ya mninga akaniambia nipande mimi. Nikapanda, nikachungulia.

"Una nini?" akauliza kutoka chini.

"Hamna kitu."

"Sema vizuri. Una nini?"

Nikachungulia tena. Nikamwambia mzinga ni mtupu, masega yamekauka, kuna utando wa nondo, hakuna nyuki hata mmoja.

"Kumbe unaweza kusema hakuna," akasema. "Nilidhani mdomo wako umeshindwa neno hilo."

Nikabaki juu ya mti nimekumbatia gome, sijui nishuke au nikae. Naye akaendelea pale chini bila kupandisha sauti, kama anayezungumza na miguu yangu. Alisema katika warina asali mtu anayerudi mikono mitupu hafichi, anasema kwa sauti mti gani na mzinga gani, wenzake wasikie. Kwa kuwa mzinga mtupu nao una habari. Unakuambia mwaka huu muyombo haukutoa maua, au siafu wamepita, au maji yamekwenda mbali. Mwenye mzinga mmoja mtupu akisema umejaa, wenzake watapeleka mizinga yao palepale, na mwaka huo watoto watalala njaa. "Yule mgeni," akasema, "hakukuomba palahala. Alikuomba macho yako. Ukampa ulimi."

Nikaufungua ule mzinga mtupu, nikamteremshia, nikashuka.

Kesho yake nilipanda lori la pamba lililotokea Nzega, nikaenda mjini kumtafuta Ndugu Elisante alikofikia. Nilimweleza yote, tangu palahala wawili wa kwanza. Alinisikiliza, akafungua daftari langu, akachukua rula, akapiga mstari ukurasa wa kwanza kutoka pembe hadi pembe. Akapiga wa pili. Nikamwambia ule mwezi wa kwanza ni wa kweli, nakuapia, zile sikuona zote ni za kweli.

"Nitajuaje, ndugu yangu?" akaniuliza. "Mwandiko ni huohuo."

Akapiga mistari mpaka mwisho. Samaki mmoja akioza wote wameoza, nilikuwa nikiusikia msemo huo tangu utoto, sikujua kwamba hata siku za mtu zinaoza hivyo, za kweli pamoja na za uongo. Nadhani yeye alijilaumu pia, maana alisema alipaswa kutembea mwenyewe. Kisha akavaa shati safi akaenda wilayani kubatilisha utafiti wake. Walimpokea vizuri wakamwambia ramani imekwisha kutiwa saini, mashamba yamegawiwa, watu wameshalipuka kwa shangwe, arudi mwakani.

Mwakani Mlimani palikuwa na visiki. Tumbaku haikaushwi kwa jua la bure, inakaushwa kwa moto, na bani moja tu la kukaushia linameza miti usiku na mchana. Doto aliniambia aliwaona palahala mara ya mwisho wakivuka shamba lake la zamani, mchana kweupe, wamekonda, wanakwenda zao. Hakuwa tena na daftari la kuandikia.

Na Chemchemi iliyofungwa? Hapo kuna jambo ambalo hata Ndugu Elisante hakulijua mpaka lilipotokea. Warina asali ndio waliokuwa wakichoma majani mapema, kidogo kidogo, yakiwa bado na ubichi, kuzunguka miti yao ya mizinga, ili moto mkubwa wa kiangazi usipate njia. Wao walipotolewa, majani yakasimama marefu. Mwaka wa pili moto ukaingia, ukala siku nne. Kumbe mtu naye alikuwa sehemu ya pori lile, kama nyuki na kama nyegere anayewaibia, na katika daftari hakuwa na safu yake.

Siku hizi naona wanakuja tena vijana na simu, wanawauliza ninyi mmeona nini, mko wangapi, mnakata miti mingapi kwa mwaka. Naona mnavyowajibu. Mnawatazama usoni kwanza mjue wanapenda jibu gani. Ndiyo maana nimekaa na kalamu, mimi wa kisomo cha jioni, niandike haya.

Mwanangu, mgeni mkaribishe kwa chakula, kwa maji ya kuoga, kwa kitanda chako ukipenda. Usimkaribishe kwa habari. Ukiulizwa umeona nini, sema ulichokiona, na siku hukuona useme hukuona, wala usione aibu, maana neno hakuna likisemwa kwa wakati wake huokoa kuliko neno ipo la kupendezesha. Na ukikosea, mtu mzima akakufungulia mlango mbele za watu utoke, toka. Aibu ya pale ni ya siku moja. Njia ya mwongo ni fupi, lakini anapoishia wanakuwa wamesimama wengine wasiokuwa na kosa. Tena usiupuuze usemi wa mzee wa porini kwa kuwa haukuandikwa. Pitia nyayo zake kwanza, halafu ndiyo uandike.

Mungu akupe macho yanayoona na moyo usioongeza. Akujalie mvua kwa wakati wake, maua kwenye miti yako, na watoto wa kukuambia ukweli hata ukiwa mkali. Amina.

Lipo nililoliruka, maana silipendi, nalo nilimalize. Siku niliyorudi kutoka mjini nilimkuta Mzee Maganga uani kwake. Nikamwamkia, shikamoo baba mkubwa, akaitika marahaba. Nikamwambia nimekwenda kusema. Akaniuliza kama pori limerudi. Nikamwambia halikurudi. Akasema ni vizuri nimesema hivyo, halikurudi. Alikuwa amefunga kamba yake, shoka begani, na mzinga mmoja wa gome, mpya, mgongoni. Nikamuuliza anakwenda wapi, akasema kusini, upande wa Sikonge, kutazama nyuki wamehamia wapi. Nikamwomba nimsindikize mpaka njia ya zamani. Akasema haina haja, nikamsaidie mke wangu. Akaniwekea mkono kichwani kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo, akaondoka. Hakuharakisha wala hakugeuka. Nilisimama mpaka miti ikamfunika.

Hakurudi.